Kwa nini ufa wa paa unarudi kila masika: habari ya mota, maji na jua

Kila mwaka ikifika Aprili ni nyimbo ile ile, mvua ikishapiga siku mbili tatu mfululizo dari inaanza kuchora ramani za kahawia, ndoo zinapangwa sebuleni, afu mwenye nyumba anaapa kwamba yule fundi wa mwaka jana akimuona barabarani watajuana. Ukipanda juu unakuta kweli mwaka jana paliwekwa mota (ule mchanganyiko wa simenti, mchanga na maji), tena nene, tena imepigwa niru, yaani uji wa simenti wa kulainisha juu, ikang'aa, ila katikati pana ufa na pembeni pamebanduka, ukigonga panalia utupu. Watu wanasema simenti feki, wengine wanasema fundi kaiba simenti. Inawezekana, siku hizi lolote linawezekana, ila kazi nyingi za hivyo ukiziangalia vizuri unakuta tatizo ni kinyume kabisa: simenti ilizidi, maji yakazidi, na baada ya hapo kazi ikaachwa juani ijikaukie yenyewe.

Hapo kwenye "ijikaukie" ndo penye shida yote. Wengi tunaamini simenti inakuwa ngumu kwa sababu maji yametoka, sasa ukiamini hivyo jua kali unaliona rafiki, fundi anamaliza saa sita mchana anasema leo jua zuri, kesho itakuwa imekauka. Kumbe simenti inashika kwa kula maji. Ile unga ya kijivu ikikutana na maji inaanza kubadilika kuwa kitu kingine, vinaota vijiwe vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinasukana vyenyewe kwa vyenyewe na kushikana na mchanga, na hicho kitendo kinaendelea siku nyingi, sio masaa. Ndo maana wanaopima simenti maabara wanasubiri siku 28 kabla ya kusema nguvu yake ni kiasi gani, ile 32.5 au 42.5 unayoiona kwenye mfuko ni nguvu ya siku hiyo ya 28. Ikifika siku ya 7, kama imetunzwa vizuri, inakuwa imepata kama theluthi mbili ya nguvu yake. Maji yakitoka kabla, unyevu wa ndani ukishuka chini ya kama asilimia 80, kazi yote inasimama. Unabaki na kitu kikavu ambacho hakijaiva, na kwa macho huwezi kujua, maana kikavu na kilichoiva vyote ni rangi ya kijivu.

Na juu ya paa ndo sehemu mbaya kuliko zote kwa hiyo kazi. Ukutani ndani ya nyumba hakuna jua wala upepo, plasta inajitunza kidogo. Paani jua linapiga moja kwa moja, slabu ya chini, yaani zege bapa la paa, imeshachemka tangu asubuhi, na upepo ndo mchawi mkubwa ambaye watu hawamhesabu, tabaka la sentimita tatu au nne linanyonywa maji juu na jua na upepo, chini linanyonywa na zege la zamani lenye kiu. Masaa machache ya kwanza, mota ikiwa bado laini, juu pakikauka haraka kuliko maji yanavyopanda kutoka ndani, ngozi ya juu inajivuta na kupasuka. Zile nyufa ndogo ndogo zisizo na mpango ambazo unaziona jioni ile ile ndo hizo. Fundi anazifuta na niru, zinapotea machoni, masika ikija zinafunguka.

Sasa tuanze na mchanga, maana watu wanabishana kuhusu simenti wakati sehemu kubwa ya mota ni mchanga. Mchanga wa ufukweni achana nao hata kama ni wa bure na nyumba iko Kigamboni hatua mia tu kutoka baharini, chumvi yake inakula nondo za slabu na inatoa ule weupe weupe unaorudi kila ukipaka rangi. Chukua mchanga wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika, usiwe mlaini wote. Ukitaka kujua kama una udongo mwingi tia kwenye chupa ya kioo nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache masaa kadhaa. Mchanga utakaa chini na matope yatakaa juu yake kama mstari, hayo matope yakizidi kama asilimia 6 hadi 8 ya kimo chote basi uoshe au tafuta mwingine. Matope yanajipaka kwenye chembe za mchanga, simenti inashika matope badala ya mchanga, na matope yenyewe yanataka maji mengi.

Afu kuna jambo la vipimo. Utasikia moja kwa tatu, moja kwa nne, yaani simenti ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu au nne, na mtu akiuliza kwa nini tatu jibu ni ndo tulivyofundishwa. Fanya hivi: jaza ndoo ya lita 20 mchanga mkavu, sawazisha juu, afu mimina maji taratibu mpaka yaonekane juu. Yataingia kama lita 6 au 7, karibu theluthi ya ndoo. Ile ni nafasi iliyopo katikati ya chembe, na kazi ya uji wa simenti ni kujaza hiyo nafasi na kuzipaka chembe zote. Ndo maana moja kwa tatu inajaza, ndo maana ndo kiwango cha kazi inayopigwa na mvua kama kilele cha parapeti (ule ukuta mfupi wa pembeni mwa paa) au kulaza kofia za vigae, zile za kufunika mgongo wa paa. Ukiweka simenti chini ya hapo unaanza kuacha matundu kidogo kidogo. Ukizidisha, ile simenti ya ziada haina nafasi ya kujaza, inazisukuma chembe zikae mbali mbali, na simenti ndo inayosinyaa, mchanga hausinyai. Kwa hiyo mota yenye simenti nyingi ni ngumu kweli ila inapasuka, na kwenye paa ugumu sio kitu unachokitafuta, unatafuta isipasuke. Kwa tabaka la kuweka mwinamo juu ya slabu moja kwa nne inatosha kabisa.

Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35 za simenti, yaani ndoo mbili ambazo hazijajaa. Moja kwa tatu ni ndoo tano na kidogo za mchanga kwa mfuko, moja kwa nne ni ndoo saba. Toroli sitaki hata kulizungumzia, toroli la kusawazisha na toroli la kilima ni vitu viwili tofauti, mfuko mmoja toroli mbili inaweza kuwa karibu moja kwa nne au ikawa moja kwa tano kutegemea saidia fundi kaamkaje. Tumia ndoo, na usawazishe juu na ubao.

Ila hata ndoo inadanganya kama mchanga una unyevu. Mchanga mbichi unavimba, chembe zinashikiliwa mbali mbali na maji kidogo yaliyopo katikati, unaweza kuvimba kwa asilimia 25 au 30. Kwa hiyo ndoo saba za mchanga mbichi ni kama ndoo tano na nusu za mchanga wa kweli, na wewe unaamini umechanganya moja kwa nne kumbe uko karibu na moja kwa tatu. Na kingine, ule mchanga umekuja na maji yake. Ndoo saba za mchanga wa kweli zina kilo zaidi ya 200, ukiwa na unyevu wa asilimia tano tu hapo tayari una lita kumi za maji, nusu ndoo, ambazo hakuna aliyezihesabu.

Maji sasa. Simenti yenyewe ili iive inahitaji maji kama robo ya uzito wake kwa kushikana nayo kikemia, na mengine kidogo yanayokaa ndani ya vile vijiwe, jumla kama asilimia 40. Kilo 50 ni lita 20. Huwezi kufanya kazi na mota kavu namna hiyo kwa mwiko, kwa hiyo tunafika lita 25 mpaka 30 kwa mfuko, humo humo pamoja na yale yaliyojificha kwenye mchanga. Zaidi ya hapo kila lita unayoongeza ili mwiko uteleze vizuri itakuja kutoka kama mvuke, na pale ilipokuwa inabaki tundu. Matundu mengi yanaungana yanakuwa njia ya maji, yaani umetengeneza chujio juu ya nyumba yako. Ukitoka kwenye lita 25 ukafika 35 nguvu inaweza kushuka theluthi au zaidi. Kipimo cha mkono ni rahisi, finyanga donge kwenye kiganja (una glovu lakini, nitakuja hapo), libaki na umbo lake bila kuchuruzika maji na bila kumeguka. Mota ya kulaza kofia za vigae inatakiwa iwe nzito kabisa, ukiibinua kwenye mwiko isikimbie.

Changanya kavu kwanza mpaka rangi iwe moja, mara mbili tatu kwa koleo, ndipo maji, tena kidogo kidogo. Na changanya kiasi cha kumaliza ndani ya saa moja, mchana wa Dar hata dakika 45 sio mbaya kufikiria. Simenti ya kawaida inaanza kushika baada ya saa moja na kitu na joto linaharakisha. Ile tabia ya kurudi kutoka kula wali, unakuta mota imeanza kukaza kwenye karai, mtu anatia maji na kuikoroga upya, hapo umevunja ile misuko iliyoanza kujengeka na umeongeza matundu kwa wakati mmoja. Imwage. Mota ya karai moja ni hela ndogo kuliko kupandisha watu paani mara ya pili.

Glovu sio mapambo, mota mbichi ni kali kama magadi yaliyozidi, inachoma ngozi taratibu bila wewe kusikia mpaka jioni, na ikiruka jichoni osha na maji mengi safi muda mrefu afu nenda hospitali, usisubiri kesho.

Kabla ya kuweka mota mpya kwenye ya zamani kuna kazi ya kuchosha ambayo ndo inaamua kila kitu. Ile iliyobanduka yote itoke, gonga na nyundo kila sehemu usikilize, panapolia utupu toa hata kama panaonekana pazima. Pigapiga tindo uso wote upate mikwaruzo ya kushikia. Fagia, osha vumbi, ukungu na yale majani yaliyooza. Jioni ya kabla ya kazi mwagia maji mpaka slabu ishibe, asubuhi iwe na unyevu lakini isiwe na madimbwi, maana ikiwa kavu itainyonya mota yako na ikiwa na dimbwi maji yatakuwa mengi pale pale panapotakiwa kushikana. Kisha pakaa uji wa simenti kwa brashi, sehemu ndogo ndogo, na mota iwekwe uji ukiwa bado mbichi. Uji ukikauka kabla ya mota kufika umegeuka kuwa kitenganisho, bora usingeupaka.

Usiishie kwenye ncha nyembamba. Mafundi wengi wanapenda mota iishie sifuri pembeni ili ionekane imeungana na ya zamani, ile ncha ya milimita mbili inakauka ndani ya nusu saa na kubanduka ndani ya mwezi. Kata ukingo wa zamani uwe wima, mota iishie na unene wake. Na mwinamo usikose, sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea kwenye bomba la kushushia, pima na pimamaji sio kwa jicho.

Hesabu na uzito pia. Kipande cha mita 12 za mraba kwa unene wa sentimita 4 kinataka mifuko karibu minne na ndoo 25 za mchanga, na ikishakaa inakuwa tani moja. Mwaka huu tani, mwaka kesho juu yake tani nyingine kwa sababu ya kwanza ilipasuka, slabu ile haikusanifiwa kubeba historia yote hiyo. Kung'oa ya zamani kabla ya kuweka mpya sio hiari.

Sasa kumwagilia, au kyuring kama wanavyosema site. Hii ndo inafanywa kama fadhila, mtoto anatumwa na kopo asubuhi na jioni. Kulowesha na kukauka, kulowesha na kukauka, kila mara inavimba na kusinyaa kidogo ikiwa bado changa. Kinachotakiwa ni unyevu usiokatika. Ukimaliza sehemu, mota ikiacha kung'aa maji, funika na nailoni na uweke mawe pembeni upepo usiingie chini. Kesho yake asubuhi ikiwa imeshika kiasi cha kutoachwa alama ya kidole, toa nailoni, tandika magunia, yaloweshe, rudisha nailoni juu ya magunia. Hapo mara moja au mbili kwa siku inatosha hata kama kuna mgao wa maji, nailoni inakutunzia. Kwenye slabu tambarare wengine wanajenga vituta vya udongo pembeni wanajaza maji sentimita mbili, ni njia nzuri kuliko zote na pia inakuonyesha panapovuja kabla ya mvua, ila usiijaze siku ile ile ya kwanza.

Muda ni siku 7 kwa uchache. Ila soma mfuko. Simenti nyingi za huku zina mchanganyiko wa pozolana, majivu ya volkano, ukiona CEM II au CEM IV na herufi P ndo hizo. Ni simenti nzuri, mwisho wa siku inaziba matundu vizuri hata kuliko ile tupu, lakini inaiva polepole na ikikatiwa maji mapema inaumia zaidi. Ipe siku 10 hadi 14. Najua fundi analipwa kwa kazi na siku ya pili yuko site nyingine Goba, kwa hiyo hii kazi ni ya mwenye nyumba na ni bora mkubaliane mapema nani anamwagilia kuliko kila mtu kudhani ni mwenzake.

Msimu nao unasaidia. Juni na Julai masika imeisha, jua limepoa, slabu bado ina unyevu, ndo wakati mzuri, angalia tu kusi lisikupeperushe nailoni. Januari na Februari ni kupigana na jua, kama huna namna fanya alasiri kuanzia saa kumi ili mota ipate usiku mzima wa kwanza bila jua.

Kuna sehemu moja ambayo hata ufanye haya yote itapasuka tu, nayo ni pale bati linapokutana na ukuta. Hizi nyumba za kuficha paa zilizojaa mjini, bati liko nyuma ya parapeti, likivuja mtu anasiliba mota kati ya bati na ukuta. Bati la mita 6 usiku likiwa na nyuzi 22 na mchana 62 linarefuka karibu milimita 3, halafu usiku linarudi, kila siku ya Mungu. Mota haina mchezo huo. Na juu ya hapo mabati mengi ya siku hizi yamepakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, mota mbichi inaula, ukija kuitoa unakuta bati limebabuka. Pale panatakiwa flashingi, yaani kipande cha bati kilichokunjwa cha kufunika maungio, chana mfereji ukutani kwa grainda, ingiza mkunjo wa flashingi, mota izibe ule mfereji tu, chini flashingi ilalie bati bila kubanwa na ukuta.

Na wenye nyumba za zamani Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa ya kale, zile za mawe ya matumbawe na dari za boriti, naomba mifuko ya simenti ibaki chini. Zile zilijengwa kwa chokaa, na paa zake bapa zilipigwa kwa virungu vya mbao siku kadhaa ili chokaa ijikandamize na nyufa zijifunge inaposhika. Chokaa haishiki kwa kula maji kama simenti, inashika kwa kunyonya hewa ukaa kutoka hewani, polepole, miezi, kwa hiyo inataka unyevu kidogo na hewa, usiifungie nailoni siku zote wala usiizamishe, na iwekwe tabaka jembamba la kama sentimita moja moja. Inapumua na inakubali kunesa na boriti. Simenti juu yake ni ngumu na haipitishi unyevu, maji yakipenya kwenye ufa mmoja yanakaa chini humo na kuozesha boriti bila wewe kuona chochote juu. Huko nyumba nyingi zimeshawekewa bati juu ya dari la zamani, na kama lako lipo hivyo tengeneza bati kwanza.

Ukishatunza siku zako, acha magunia yatoke taratibu, usiyavue saa saba mchana. Gonga tena kote kwa nyundo ndogo. Kama unataka kupaka dawa ya kuzuia maji usiwahi, dawa nyingi za kupaka zinataka mota iliyoiva na iliyokauka, wiki nne hivi, la sivyo unyevu wa ndani unaisukuma inatoa malengelenge. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache mpaka kesho, ukikuta matone chini yake au mota imekuwa nyeusi kuliko pembeni rudisha kopo la dawa stoo ungoje wiki nyingine.